Mizani Kwanza, Nozeli Baadaye: Kuchagua Vifaa vya Kuoka na Kupamba Keki Nyumbani

Hotuba iliyotolewa kwa wakazi wakati wa mafunzo ya vikundi vya akina mama na vijana wanaooka nyumbani



Zamu ya chama ikimfikia mama, pesa zile huwa zimeshagawanywa kabla hazijaingia mkononi. Kuna karo, kuna deni la dukani, na siku hizi kuna jambo la tatu: biashara ya keki. Mama ameoka keki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, majirani wameisifu, na mmoja ameuliza kama anaweza kuokewa ya kwake kwa malipo. Wazo ni zuri. Unga wa ngano unapatikana katika kila duka la mtaa, sherehe haziishi, na kazi hiyo hufanyika mtu akiwa nyumbani karibu na watoto wake.

Matatizo huanzia dukani. Mama huingia katika duka la vifaa vya keki na kuuliza mtu anayeanza anunue nini. Muuzaji humletea sanduku la nozeli, zaidi ya hamsini, zimepangwa zikimetameta.

"Mama, chukua hii seti. Ndiyo inatoka sana."

"Na mizani mnayo?"

"Ipo, lakini hiyo wengi huchukua baadaye. Hii ukiiacha leo, wiki ijayo utaipata kwa bei nyingine."

Mama huondoka na sanduku. Baada ya miezi mitatu, nozeli nne zimetumika, nyingine zimeshika kutu, na keki yenyewe bado haitabiriki: Jumamosi moja imeumuka vizuri, Jumamosi inayofuata imebonyea katikati. Mteja aliyepewa ile iliyobonyea, maua yake ya krimu yakiwa yamepangwa vizuri juu ya shimo, hakurudi tena. Pesa za chama zimekwisha, na kile kinachoharibu keki hakijaguswa.

Vifaa vinunuliwe kwa kufuata mahali keki inapoharibikia. Keki ya nyumbani huharibikia mara nyingi mahali pawili, katika vipimo na katika moto. Mpishi aliyetengeneza mahali hapo pawili anaweza kupamba kwa kisu na mfuko wa plastiki uliokatwa pembe, na keki yake ikauzwa. Aliyeanza na mapambo hana namna ya kurudi nyuma isipokuwa kutumia pesa nyingine.

Tuanze na vipimo. Kikombe cha unga kinaonekana kuwa kipimo cha uhakika, lakini sicho. Unga ukimiminwa polepole kwa kijiko na kusawazishwa juu, kikombe kimoja hubeba takriban gramu 120. Kikombe hicho hicho kikichotwa moja kwa moja kutoka kwenye pakiti na kushindiliwa, kinaweza kubeba gramu 150 au zaidi. Katika keki ya vikombe vitatu, tofauti inafika gramu 90, ambazo ni karibu robo tatu ya kikombe kizima. Keki hiyo itakuwa kavu, na mpishi atalaumu majarini, mayai, au hata jiko. Isitoshe, vikombe vyenyewe havilingani. Cha Marekani ni karibu mililita 240, kile cha vipimo vya mita ni mililita 250, na kikombe cha chai cha nyumbani hakina kiasi kinachojulikana na mtu yeyote. Anayesoma maelezo ya upishi kwenye simu hawezi kujua mara zote mwandishi alikuwa ameshika kikombe gani.

Gramu ni gramu kila mahali. Ndiyo maana kifaa cha kwanza kununuliwa ni mizani ya jikoni. Ile ya betri inayopima hadi kilo 5, ikionyesha gramu moja moja, inatosha kabisa kwa jiko la nyumbani. Iwe na kitufe cha kurudisha sifuri, ili bakuli likishawekwa juu yake uzito wake ufutwe, kisha unga, sukari na majarini vipimwe vyote ndani ya bakuli hilo hilo. Hapo vyombo vya kuosha pia hupungua, jambo ambalo si dogo mahali maji yanaponunuliwa kwa mtungi.

Mizani ijaribiwe kabla ya kulipiwa. Kitu kimoja kipimwe katikati ya sahani yake, kisha kwenye kila pembe; nambari zikitofautiana sana, irudishwe kwenye rafu. Nyumbani, lita moja ya maji iliyopimwa vizuri inapaswa kuonyesha kilo moja, ukishauondoa uzito wa chombo. Betri ikianza kuisha mizani nyingi hudanganya kimyakimya, kwa hiyo betri ya akiba ni sehemu ya kifaa.

Kitu kimoja tu ambacho mizani ya aina hii haikiwezi vizuri ni vitu vya gramu mbili au tatu, kama bekingi pauda na chumvi. Hapo vinahitajika vijiko vya kupimia. Kijiko kidogo ni mililita 5 na kikubwa ni mililita 15. Vijiko vya kukorogea chai havitengenezwi kwa kipimo hicho. Kijiko kilichojaa kilima cha bekingi pauda ndicho chanzo cha keki nyingi zinazopanda haraka, zikapasuka, kisha zikaanguka. Wakazi wa sehemu za juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, wanalijua tatizo hili kuliko wengine. Huko shinikizo la hewa ni dogo, viputo vya hewa ndani ya keki hutanuka kwa haraka, na bekingi pauda inapaswa kupunguzwa kidogo. Anayetumia unga unaojiumua, ambao tayari umetiwa kiumulishi, hana namna ya kupunguza. Mpishi wa nyanda za juu ni afadhali anunue unga wa kawaida na kuupimia mwenyewe.

Sasa moto. Wengi huamini kwamba pasipo oveni hakuna biashara ya keki. Si kweli. Sufuria kubwa huwekwa jikoni, ndani yake hutandazwa mchanga mkavu, bati la keki hukaa juu ya mchanga, na makaa huwekwa juu ya kifuniko. Watu wa Pwani wamepika mkate wa sinia kwa moto wa juu na wa chini tangu kabla ya oveni kuingia majumbani, na siri ya mpangilio huo haijabadilika: makaa mengi yakae juu, machache chini. Moto mwingi wa chini huunguza kitako cha keki huku katikati kukiwa bado ni uji.

Anayeoka kwa namna hiyo atafute sufuria nzito, kwa sababu nyembamba hupeleka moto kwa mabaka. Kifuniko kiwe bapa na kiwe na ukingo wa kuzuia makaa yasiteleze. Baina ya bati na ukuta wa sufuria ibaki nafasi ya vidole viwili pande zote ili hewa ya moto izunguke. Koleo refu la makaa linunuliwe pia. Ni kifaa cha kuoka kama vingine. Kazi hii ifanyike nje au penye madirisha wazi. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi inayoweza kuua watu wakiwa wamelala, na jiko lililoachwa ndani usiku "lipoe" bado linatoa gesi hiyo.

Kwa mwenye uwezo wa kununua oveni ndogo ya umeme, hesabu ni rahisi kuliko uvumi unavyosema. Oveni ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo kwa saa nzima hutumia yuniti moja na nusu za umeme, na kwa kawaida hutumia pungufu ya hapo, kwa sababu hujizima na kujiwasha joto likishafika. Mpishi anaweza kuzidisha yuniti hizo kwa bei anayolipia tokeni na akaongeza kiasi hicho kwenye bei ya keki. Wengi hawafanyi hivyo, na ndiyo sababu wanauza sana bila kuona faida. Kabla ya kulipa, apeleke bati lake dukani aliingize ndani ya oveni na kufunga mlango. Oveni nyingi za mezani zinazoonekana kubwa kwa nje hazipokei bati la inchi 10.

Kitufe cha joto cha oveni ndogo si cha kuaminiwa. Kikisema nyuzi 180, ndani panaweza kuwa 160 au 200. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni ni kifaa cha bei nafuu kinachookoa mayai mengi. Anayekikosa anaweza kutumia sukari. Sukari nyeupe huyeyuka karibu na nyuzi 186. Kijiko kimoja kikiwekwa juu ya karatasi ya alumini ndani ya oveni iliyopashwa na kutegwa 175 kwa robo saa, haipaswi kuyeyuka; ikiyeyuka, oveni ina joto kuliko inavyosema. Ikitegwa 190 na sukari ikabaki punje punje, oveni ina baridi kuliko inavyosema. Jaribio hili hufanywa mara moja, matokeo yakaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ubavuni mwa kabati.

Mabati ya kuokea yanastahili kufikiriwa kwa sababu hapo ndipo pesa hupotea bila kelele. Mteja huomba keki "kubwa kidogo", ya inchi 10 badala ya 8, na mpishi humwongezea bei kidogo. Lakini bati la duara la inchi 8 lina eneo la inchi za mraba 50, na la inchi 10 lina karibu 79. Si kubwa kidogo. Ni mara moja na nusu na zaidi, na linadai mayai, majarini na sukari kwa kiasi hicho. Bati la mraba la inchi 8 nalo hubeba sawa na la duara la inchi 9. Mwenye mabati mawili ya duara, la inchi 6 na la inchi 8, yenye kina cha inchi 3, anaweza kuhudumia sherehe nyingi za nyumbani bila kununua la tatu. Rojo lisipite theluthi mbili za kina cha bati.

Alumini ya rangi ya fedha hupeleka joto vizuri na kwa usawa. Mabati meusi hupata joto haraka zaidi na hukausha kingo, hivyo yanahitaji moto mdogo kidogo. Yale yanayofunguka ubavuni ni mazuri, lakini rojo jepesi huvuja; yajazwe maji kwanza na kutazamwa. Mafundi wa jua kali hutengeneza mabati mazuri kwa bei ya chini, na ni jambo la kuungwa mkono. Mteja aulize tu ni chuma gani. Alumini safi inafaa. Bati la paa lililopakwa zinki halifai kwa chakula, na kopo lililowahi kubeba rangi au dawa ya shambani lisiguswe hata likisuguliwa likang'aa.

Kuhusu mashine ya kupigia, machache yanatosha. Mchapo wa waya na mkono wenye nguvu huoka keki ya kawaida. Mashine ndogo ya kushika mkononi hurahisisha krimu na ute wa mayai, na kwa anayeoka keki mbili au tatu kwa wiki hiyo ndiyo saizi yake. Isitumiwe kukandia unga wa mandazi au mkate. Mota yake huungua. Ile mashine kubwa ya kusimama mezani, ambayo wengine huichukulia mkopo kabla ya kupata mteja wa tano, ingoje mpaka mikono ishindwe na oda.

Mapambo, sasa. Vitu vinne hufanya karibu kazi yote: kizungushio cha kuwekea keki, kisu bapa kirefu kisicho na makali, kikwangulio cha pembe iliyonyooka, na mfuko wa kupambia wenye nozeli tatu. Kati ya hivyo, kizungushio ndicho kinachobadilisha kazi ya mkono. Keki ikizunguka na kisu kikatulia, krimu hunyooka. Kisu kikizunguka na keki ikatulia, kila pindo huacha alama. Kijaribiwe dukani kwa kukisukuma kidole kimoja kikiwa na uzito juu yake. Kikiyumba au kikikwama, kitayumba na keki pia.

Nozeli tatu zenyewe ni ya nyota iliyo wazi na pana, ya duara nyembamba ya kuandikia, na ya petali. Zinunuliwe moja moja, za chuma cha pua, na zitazamwe kwenye ncha: mshono uliofunguka hutoa krimu iliyochanika. Baada ya kuoshwa ziachwe ndani ya oveni inayopoa zikauke kabisa. Kutu nyingi hutokana na kuhifadhiwa zikiwa na unyevu, na lile sanduku lenye zaidi ya hamsini ndilo hifadhi bora ya unyevu.

Mpishi wa Mombasa, Garissa au Lodwar ana adui ambaye mwenzake wa Limuru hamjui. Krimu ya siagi tupu hulegea kabla ya sherehe kuanza. Wengi huko huchanganya siagi na mafuta ya kupikia yaliyoganda, au hupeleka keki alfajiri. Kifaa kinachowafaa kuliko nozeli ya nne ni boksi la kubebea lenye kifuniko na barafu zilizofungwa pembeni.

Jambo moja la mapambo ni la afya, na ndilo zito kuliko mengine yote leo. Madukani kuna unga wa kung'arisha keki, wa dhahabu, fedha na waridi. Baadhi ya unga huo umetengenezwa kwa ajili ya kuliwa. Mwingine ni wa kazi za mikono, umetengenezwa kwa chembe za metali, na huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo. Huko Marekani, katika jimbo la Rhode Island mwaka 2018, watoto sita walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa aina hiyo, ambao ulikutwa na shaba nyingi. Mwaka uliofuata, katika jimbo la Missouri, mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na risasi katika damu yake kutokana na maua ya keki yaliyopakwa unga wa rangi ya njano. Risasi inayozungumziwa ni ile metali inayodhuru ubongo wa mtoto anayekua.

Maandishi ya "non-toxic" kwenye kichupa hayatoshi. Yanaweza kuwekwa hata kwenye gundi ya shule. Kinachotafutwa ni neno "edible" pamoja na orodha ya viambato, kama inavyokuwa kwenye chakula chochote. Kichupa kisicho na orodha hiyo ni cha kupambia kadi, hata muuzaji akisema kila mtu anakitumia. Waridi za madukani nazo zimepuliziwa dawa kwa ajili ya kukaa kwenye chombo cha maua, si mezani. Mpishi anayezitumia aziweke juu ya karatasi ya kuokea, shina lisichomekwe ndani ya keki, na ziondolewe kabla ya kukata. Oleanda ya kwenye ua wa nyumba isikaribie keki kamwe, ni sumu.

Limebaki suala la kilo. Wateja huagiza "keki ya kilo moja", na hapo ugomvi huzaliwa, kwa sababu mmoja anamaanisha uzito wa keki iliyokamilika na mwingine anamaanisha rojo kabla ya kuingia motoni. Keki hupoteza maji ikiokwa, basi hao wawili hawawezi kukubaliana. Mpishi aseme mapema, kwa ujumbe wa simu unaobaki, kwamba anauza kwa saizi ya bati, inchi 8 au inchi 10. Anayeendelea kuuza kwa kilo ameingia katika Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya, inayotaka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Ile mizani ya plastiki ya jikoni ni ya kupimia unga. Si ya kumpimia mteja. Usimamizi wa biashara ya haki na utoaji wa leseni kwa wanaouzia umma chakula uko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010. Kwa hiyo anayetaka kukaguliwa mizani, au kuuliza kuhusu kibali cha biashara na cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula, aanzie katika ofisi za kaunti. Maswali haya yaulizwe kabla ya kununua, kwa kuwa mizani iliyokwisha kununuliwa haiwezi kubadilishwa iwe ya aina inayokubalika.

Vifaa vilivyotajwa vimepangwa kwenye meza iliyo karibu na mlango. Kuna mizani mbili, vikombe vya aina tatu, na pakiti ya unga iliyofunguliwa. Kila mkazi achote kikombe kimoja kama anavyochota nyumbani, akipime, na aandike gramu alizopata kwenye karatasi iliyo ukutani kando ya za wenzake.